Birika la Ersilia Lapanda Ngazi Tisini na Sita

Saa moja na robo asubuhi, Ersilia Capuozzo anasimama ghorofa ya tatu kuvuta pumzi. Bado ghorofa moja. Mkononi ana mfuko wenye mkate, gazeti na birika la kahawa lililoviringishwa taulo la jikoni. Jengo hili la mtaa wa Sanità, hapa Napoli, halina lifti, na ngazi zake ni tisini na sita. Amezihesabu mara nyingi, kila mara kwa hasira.

"Hodi! Umeamka, don Alfonso, au nikalete padri?" anauliza huku akifungua mlango kwa ufunguo wake.

"Padri angekuwa ameshafika," sauti inamjibu kutoka jikoni. "Yeye hachelewi."

Ersilia ana miaka hamsini na minne na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mzee wake wa sasa, Alfonso Iovine mwenye miaka themanini na sita, anayeitwa don kwa heshima, alipika kahawa miaka arobaini na mmoja katika mkahawa wa chini ya jengo hilihili. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia unatetemeka na hawezi tena kushuka ngazi. Ulimi wake ni mzima kabisa.

Januari mwaka huu mzee huyo aliacha kifungua kinywa. Kahawa alisema hataki tena, na kikombe cha chai alichopewa alikisogeza pembeni. Chakula cha mchana akawa anakidonoa tu. Kutoka kilo sitini na moja akashuka hadi hamsini na nne, na daktari akaandika kwamba ni uzee.

Binti yake, Loredana, anafanya kazi Modena, kaskazini. Kwa hofu aliyokuwa nayo alimtafutia baba yake chumba katika nyumba ya wazee karibu na kwake. Makubaliano yakawa haya: asipofika kilo hamsini na sita kufikia Pasaka, anahama.

Ersilia angepoteza euro mia nane na hamsini kwa mwezi, ambazo ndizo kodi ya nyumba na chakula chake na mumewe, Rosario. Lakini anasema si hilo lililomkosesha raha.

"Kazi ningepata nyingine, wazee hapa hawakosekani," anasema. "Ila yeye angekufa kule. Wala si kwa ubaya wa watu. Angekufa kwa ule ukungu wao, na kwa kukosa mtu wa kugombana naye."

Siku moja ya Februari, akitafuta sufuria, Ersilia alikuta nyuma ya kabati birika la kahawa la mzee, la alumini. Lilikuwa limegeuka kijivu kama jivu la jiko, na alipoligusa likamwachia weusi vidoleni. Akaelewa papo hapo. Limepitishwa kwenye mashine ya kuosha vyombo.

Napoli birika la kahawa haliguswi na sabuni. Linasuuzwa kwa maji, linaachwa likauke, na ladha yake inajengwa na miaka. Loredana amezaliwa kwenye sheria hiyo. Lakini alipokuja Krismasi, baada ya miaka ishirini na miwili ya kaskazini, alikusanya vyombo vyote vilivyokuwa mezani na kubonyeza kitufe.

"Kwa nini hukumwambia?" Ersilia alimuuliza mzee, birika mkononi.

"Nimwambie nini? Mtoto amesafiri kilomita mia sita, amefua mpaka mapazia. Nimwambie, mwanangu, umeniulia birika?"

"Sasa ndiyo ufe njaa?"

"Sikutaka kufa. Sikutaka tu kunywa uchafu ule."

Kununua jipya hakukusaidia. Mzee alilitazama na kusema halijafunzwa adabu. Kesho yake Ersilia akabeba la kwake, alilorithi kwa mama yake, na hajaacha kulibeba tangu siku hiyo. Rosario sasa anakunywa kahawa yake mkahawani na kuwaambia watu mkewe ameolewa na mzee wa miaka themanini.

Leo Ersilia anafanya kama alivyofundishwa, na mwalimu wake ameketi hatua mbili tu kutoka kwenye jiko. Anajaza maji sehemu ya chini ya birika, yasifike kwenye kitundu cha mvuke. Anaweka kahawa kwenye kichujio cha katikati, kichuguu kidogo, bila kuishindilia. Moto mdogo.

"Mdogo zaidi," mzee anasema.

"Ukipungua zaidi utazimika."

"Basi ubaki kama ulivyo, lakini uogope kidogo."

Kwenye kikombe kikubwa anapiga kiini cha yai na sukari vijiko viwili mpaka kigeuke cheupe. Kahawa inapopanda sehemu ya juu na kuanza kukoroma anazima jiko, anadondoshea matone machache ya kwanza, anapiga tena, kisha anamimina iliyobaki. Maziwa aliyoyapasha, ya moto lakini hayajachemka, anayatia kwenye chupa ya jamu, anafunga kifuniko, anashika kwa taulo na kuitikisa kwa mikono yote miwili. Povu linapanda. Anagonga chupa mezani mara mbili ili mapovu makubwa yapasuke, na kumimina taratibu. Siku za kawaida juu ananyunyiza kakao. Jumapili ni mdalasini na maganda ya chungwa yaliyokunwa.

Hiyo ndiyo kapuchino iliyomrudishia mzee nyama mwilini. Saa tano ikishapita haigusi. Maziwa ya mchana, anasema, ni ya watoto na watalii wa Kijerumani.

Asubuhi ya Pasaka Loredana alimpandisha baba yake kwenye mizani mwenyewe. Kilo hamsini na tano na nusu. Ilibaki nusu kilo kufikia makubaliano. Walikula kondoo, wakala keki ya pastiera, wakanywa kahawa nyeusi iliyotoka kwenye birika la Ersilia. Kisha Loredana akainuka kukusanya vyombo, akafungua mashine na kunyoosha mkono kuelekea birika.

"Hilo acha!" Don Alfonso alipiga kelele hadi uma ukamdondoka. "Hilo ni la mama wa watu! Langu ulishaliua Krismasi, inatosha!"

Loredana alilitazama birika, akamtazama baba yake, halafu akakaa chini. Ersilia anasema Loredana alilia kwanza, na kicheko kilikuja baadaye sana.

"Miezi yote hii, baba? Kwa ajili ya birika?"

"Kwa ajili yako. Hukuuliza."

Jumanne Loredana alipiga simu Modena na kukiachia chumba.

Tangu hapo, asubuhi, kwenye jiko la don Alfonso kuna mabirika mawili. Lile la kijivu Ersilia alilisugua kwa ndimu, na kila asubuhi anapika kahawa ndani yake na kuimwaga, ili lirudiwe na ladha. Leo ni mara ya ishirini. Mzee ananyoosha mkono wa kushoto.

"Nipe hiyo nionje."

Anakunywa kidogo, anakunja uso. Anakunywa tena.

"Bati tupu," anasema. "Bado sana. Usije ukalirudisha lako nyumbani sasa hivi."

Ersilia anachukua kikombe akakisuuze. Ndani hamna hata tone, mzee ameimaliza yote. Anageukia dirishani kwanza, mzee asimwone akitabasamu, kisha anasuuza kikombe, na mabirika yote mawili, kwa maji peke yake.

Mpango wake, anasema, ni kumnunulia Rosario birika jipya Jumamosi hii, wakalifundishe adabu pamoja. Anatumaini atazipanda ngazi hizi hadi magoti yamkatalie.

"Bado sana, kweli," Ersilia anamjibu mzee. Anakunja taulo tupu na kulirudisha mfukoni, na birika la mama yake analiacha juu ya jiko.