Aliyeajiriwa kwa Kutojua

Wifi yangu alilipwa mshahara miaka ishirini na miwili kwa sababu hajui kitu. Msicheke. Mimi nilicheka, tena sana, na kicheko changu kiliishia wapi mtasikia.

Alipoolewa na kaka yangu, hata yai lilimshinda kuchemsha. Mama yetu, Mungu amrehemu, alimwangalia anavyoshika kisu, akaguna, akasema, "Huyu mikono kaazima." Nami mwenye mdomo usio na breki nikalichukua neno hilo nikalitembeza mtaa mzima. Nilikuwa nakaa nao, chumba cha uani, nami niko humo mpaka leo. Kazi yangu ni kuuza viatu. Kupika sipiki, kushona sishoni, lakini kutoa kasoro, hapo niachieni.

Mwaka wa pili wa ndoa, wifi akanunua kitabu cha mapishi ili atufunge midomo. Akachagua keki. Kitabu kikasema: oka mpaka iive. Basi akavuta kigoda, akakaa mbele ya oveni akisubiri keki imwambie kwamba imeiva. Haikumwambia. Ikawa mkaa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kesho yake aliifunga keki ile kwenye kitambaa, akaenda nayo kwa wachapishaji wa kitabu, ofisi ya vyumba vitatu juu ya duka la rangi. Akaiweka kwenye meza ya mhariri, ikalia ko.

"Mmeandika mpaka iive," akamwambia. "Anayejua imeiva saa ngapi atanunua kitabu cha nini?"

Mhariri akaitazama keki, akamtazama yeye. Ofisi ile ilichapa vitabu vya kazi za nyumbani tu: kupika, kushona, kupanda mboga, kutengeneza rafu na viti, kukarabati kilichoharibika. Waandishi wake wote walikuwa mafundi, na fundi ana ugonjwa mmoja, husahau kwamba zamani naye hakujua.

"Dada," mhariri akasema, "mwaka wa tatu huu nakutafuta."

Kazi ikawa hivi. Wanamletea kurasa kabla kitabu hakijachapwa. Anafanya kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa, haongezi, hapunguzi, haulizi mtu. Akikwama anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Hapa sijui. Zinarudi kwa mwandishi, anajaza alichosahau. Siku kurasa zikimfikisha mwisho, anaandika "Nimejaribu, inakwenda," anatia sahihi. Mtaani wakamwita Bi Hatua, maana hakuruka hata moja.

Nyumba yetu ndiyo ushahidi. Rafu ya sebuleni imeinamia kushoto kwa sababu seremala hakutaja kupima. Pazia la chumbani linaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka, kwa kuwa mshonaji hakusema uache kitambaa cha kukunja. Na mikate! Ile iliyokataa kuumuka nani aliila kama si mimi?

"Wifi," nilikuwa nikimwambia, "kazi unafanya wewe, wanaostaafu ni meno yangu."

"Tafuna tu," ananijibu. "Likivunjika nitaliandika pembeni."

Miaka ikaenda. Zamani kalamu nyekundu ilikuwa ikimwishia kila mwezi. Baadaye moja ikamtosha mwaka mzima. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini.

Ndipo kikaja kitabu cha ukarabati, kimeandikwa na fundi bomba mmoja mstaafu. Wifi akakijaribu chote, akaandika inakwenda. Zikachapwa nakala elfu mbili, akapewa moja ya kwake, mpya, inanukia wino. Jumamosi moja yeye na kaka walitoka, nikabaki na bomba la jikoni linalovuja. Tone. Tone. Tone. Nikasema leo nami nioneshe ufundi. Nikafungua kitabu: hatua ya kwanza, legeza kichwa cha bomba kwa spana. Nikalegeza.

Toba! Kichwa kiliruka kikagonga dari, na maji yakanipiga usoni hata nikasahau jina langu. Nilipiga mayowe mpaka jirani akaja mbio akidhani nauawa. Yeye ndiye aliyekimbilia uani akafunga koki kuu. Wifi aliporudi alinikuta juu ya kigoda, nachuruzika, na maneno nimeshayapanga.

"Kitabu chako kimetaka kuniua!"

Akacheka, na haki yake alikuwa nayo. "Hukufunga koki kuu?"

"Imeandikwa wapi?"

Akakichukua kitabu. Akasoma. Akafunua kurasa za nyuma, akarudi, akasoma tena kwa kidole. Kicheko kikamwisha taratibu.

"Haimo," akasema. "Lakini mimi niliifunga. Nakumbuka nilikwenda uani karatasi ziko kwapani, nikafunga, ndipo nikaja kusoma hatua ya kwanza." Akajiketia pale pale sakafuni kwenye maji. "Wifi, hakuna aliyeniambia nifunge. Mkono ulikwenda wenyewe."

Nilimwelewa, na hapo ndipo nilipoogopa kwa ajili yake. Mtu aliyeambiwa kaazima mikono tangu siku ya harusi alipata mahali pamoja tu duniani palipomtaka vile alivyo. Akisema kilichotokea, mahali hapo pamekwisha. Nikamshauri la kijinga, na sifichi.

"Nyamaza. Aliyesahau ni fundi bomba. Wewe nani atakushika?"

"Sahihi ni yangu."

"Kosa moja haliachi mke, wifi."

"Na hao watu elfu mbili watakaokinunua? Mwingine ana mtoto jikoni. Mwingine ana waya za umeme pale pale chini ya bomba." Akanitazama. "Ile keki ningeinyamazia, leo ningekuwa nani?"

Jumatatu asubuhi akakifunga kitabu kilicholowa kwenye kitambaa, akaondoka, nami nikamfuata nyuma. Ofisi ni ile ile, juu ya duka la rangi, ila mhariri sasa ana mvi. Vitabu vilikuwa bado kwenye maboksi ukutani, vikingoja Alhamisi vipelekwe madukani. Wifi akakifungua kitambaa mezani, akaeleza yote, hata lile la mkono kwenda wenyewe, ambalo angeweza kuliacha na hakuna ambaye angejua.

Mhariri akazifunua kurasa zilizolowa, moja moja. Kisha akasema, "Kitabu kitatengenezeka. Tutabandika kikaratasi kila nakala. Lakini wewe, dada yangu..."

"Najua."

"Si adhabu. Kazi hii inataka mtu asiyejua. Wewe umeshajua."

Nilidhani atafurahi. Nani hafurahi kuambiwa anajua? Wifi alilia. Hakulia kwa sauti, machozi yalimtoka tu akawa anayafuta kwa kile kitambaa chenye maji.

"Nilikuwa najaribu tu," akasema. "Miaka yote nilikuwa najaribu tu."

Siku tatu tulibandika, mimi na yeye, kwenye meza ndefu ya ofisini: Kabla ya yote, funga koki kuu ya maji. Vidole vilishikana kwa gundi. Siku ya pili moyo wangu ukanishinda.

"Wifi, lile neno la mama, la mikono ya kuazima. Yeye alilisema mara moja. Mimi ndiye niliyelitembeza."

"Nakumbuka."

"Nisamehe. Mkono wa kuazima hauendi wenyewe kufunga koki. Ile mikono ni yako, na mimi nimeiona miaka yote nikaikalia kimya kwa sababu kukucheka kulikuwa kutamu."

Akabandika vikaratasi vitatu, vinne, bila kuniangalia.

"Bandika," akasema. "Gundi inakauka."

Alhamisi maboksi yalipokwisha kushuka ngazi, mhariri akamwita. Alikuwa amewaza, akasema. Anataka kitabu cha mtu anayeanza kabisa, na hakuna fundi anayeweza kukiandika, maana hakuna anayekumbuka alipokwama. Wifi anakumbuka kila mahali, ameandika pembeni kwa miaka ishirini na miwili. Je, atakiandika? Safari hii jina lake litakuwa juu ya jalada.

Wifi akajibandua gundi vidoleni. "Na nani atanijaribia?"

Mhariri akasema hapo ndipo tatizo, kupata mtu mzima asiyejua kitu si mchezo. Wifi akanigeukia taratibu, jicho lile la utani likiwa limemrudia.

"Wee! Mimi?" nikasema. "Mimi najua mambo!"

"Yapi?" akaniuliza.

Basi ndiyo hivyo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa keki, angeanza na nini kingine? Nilisimama jikoni na mwiko, karatasi iko mbele yangu, na yeye amekaa kwenye kigoda, mikono kaikalia isije ikanisaidia. Haruhusiwi kusema, nami siruhusiwi kuuliza. Chekecha unga. Nikachekecha. Pasua mayai. Nikapasua, na maganda nikayatoa kwa kidole. Hatua ya sita ikasema: koroga mpaka iwe tayari.

Nikakoroga. Nikatazama ndani ya bakuli, nikakoroga tena. Iwe tayari vipi? Nikamtupia jicho, naye akatazama dari. Mkono ukaanza kuuma, na mdomo ukaanza kutafuta kasoro ya kumtolea kama ilivyo desturi yake, lakini kasoro haikuja. Kuna neno moja ambalo mimi sijawahi kulitamka maishani, si dukani, si mbele ya mama, si mbele ya mwanamume yeyote. Nikauweka mwiko. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: Hapa sijui.

Akainuka, akasoma. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mpaka iwe tayari," akajisomea. "Nimeandika mimi hii?"

"Umeandika wewe."

Nilingoja anicheke, na deni la kicheko nilikuwa nalo kubwa. Hakucheka. Alivuta kigoda cha pili, akanikalisha, akatoa karatasi safi akaiweka magotini.

"Haya, wifi yangu, nieleze polepole," akasema. "Ni kitu gani hujui?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, nami nikaanza kumweleza.