Gunia la Sukari

Sukari ilipoadimika Temeke, mama muuza chai aligeukia magunia matupu yaliyowahi kubeba sukari, na Fakihi ndiye aliyemuuzia. Hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, yule mama. Kwanza hulipindua ndani nje, hupitisha kidole kwenye mshono, hukiramba, ndipo wapatane. Kisha hulitumbukiza kwenye maji ya chai yanayotokota na kulisonga kwa mwiko mpaka jasho limchuruzike kidevuni, maana maji ya baridi hayaing'oi sukari iliyogandia kwenye nyuzi. Asubuhi moja alikiramba kidole mara mbili.

"Hili limeshaoshwa, kaka."

"Yote yameoshwa, mama. Siku hizi nani haoshi?"

Wapagazi walikwishakaa kwenye benchi, na wasipokunywa wao, wanawe hawali. Akalichukua. Akalichemsha, akalisonga vilevile.

"Chai gani hii, mama? Si maji ya bomba haya!" mmoja akamtania.

"Koroga, baba. Sukari imelala chini."

Wakakoroga wote, vijiko vikalia. Fakihi naye akapewa kikombe chake. Alijua chini hakuna kitu. Lakini mama alikuwa akimtazama, basi naye akakoroga.