Kaboni ya Athmani

Tangu Swabaha aolewe na Athmani Rangi, hakuwahi kumsikia akisema "sijui." Umuulize dawa ya jino, ya mchwa, ya mke mkorofi, anayo. Jirani mmoja alimletea redio inayokoroma. Athmani akaifungua, akaichokoachokoa mpaka ikanyamaza moja kwa moja, na mwenyewe alipokuja kuichukua akaambiwa kosa ni la mawimbi ya Nairobi. Mtu mwenye haya angalau angetazama chini. Athmani alimtazama jirani machoni na kumwomba sigara.

Nyumba waliyokaa pale Kibokoni ilikuwa ya mamake Swabaha, marehemu Bi Mwanakuu, Mungu amrehemu. Athmani aliingia humo na sanduku la bati na maneno. Sanduku liliota kutu likatupwa. Maneno yalibaki, tena yalizaana.

Kazi yake ilikuwa kupiga pikipiki rangi, kwenye kibanda cha mabati huko Majengo. Tuseme haki: kwa rangi alikuwa na mkono. Lakini ni rangi tu. Alijua kufunika, hakujua kutengeneza. Madigadi iliyooza aliipiga msasa kidogo, akaijaza lami, akaipaka nyekundu ya kuvutia macho, na ikianguka barabarani ilianguka inang'aa. Mwenye pikipiki akirudi kulalamika, aliulizwa kwanza amepita barabara gani.

Basi mwaka wa tisini na saba, kabla ya zile mvua kubwa, akamjia kijana wa Kigiriama jina lake Lewis, karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Lewis alikuwa na Yamaha yake aliyoipenda kuliko chakula. Mkononi alishika ukurasa uliokatwa kwenye gazeti la picha: pikipiki ya mashindano, tangi na madigadi vyote vyeusi, lakini weusi wa namna yake, una vijichembe vya kumetameta ndani.

"Fundi, nataka yangu iwe hivi. Yaitwa kaboni."

Athmani akautazama ukurasa kwa jicho moja, la pili amelifumba, kama daktari.

"Kaboni! Kumbe wewe ndiyo kwanza waiona leo? Mimi kaboni nimeifanya mpaka nimeichoka. Iache hapa. Uje Ijumaa, watu wakishatoka msikitini."

Sasa, kaboni aliyoijua Athmani, na aliyoijua kila mtu Mombasa siku hizo, ni ile karatasi nyeusi ya makarani, unayoitia kati ya karatasi mbili ukaandika juu na chini yake ikatoka nakala ya buluu. Nyeusi, tena yang'aa kidogo. Na picha nayo ilikuwa nyeusi, yang'aa kidogo. Basi hapo akili yake ilifika mwisho wa safari, ikateremka. Akenda duka la vitabu akanunua pakiti nzima, akapita nyumbani kuchukua gundi.

Swabaha alikuwa uani akichambua mchele. Aliiona ile pakiti kwapani.

"Baba Nasiha, umepata ukarani?"

"Hii ni kaboni ya pikipiki."

"Na pikipiki yamwandikia nani barua?"

"Asiyejua maana haambiwi maana," akasema Athmani, akatoka zake.

Akazibandika karatasi zile kwenye tangi na madigadi, akapitisha vanishi juu yake, nyepesi maana vanishi ilikuwa inakwisha. Lewis alipoiona alifurahi. Akaipanda kwenda kazini amevaa shati jeupe, magoti yamebana tangi, jua la Mombasa likimchoma na jasho likimtiririka. Kufika ofisini, mapaja ni buluu, tumbo ni buluu. Naye masikini hana habari; akaketi kwenye kiti cha mkubwa wake apokee simu, na kiti nacho kikapata nakala yake.

Alirudi Majengo mchana ule ule, amefura.

"Fundi, umeninakili! Suruali, shati, kiti cha mkubwa wangu! Ofisi nzima yanicheka!"

Athmani hata kope hakupepesa. "Hiyo ilikuwa koti ya chini. Nani alikwambia uipande kabla ya koti ya juu?"

"Kaboni si karatasi, fundi. Nimeuliza mabaharia. Ni nyuzi, zimefumwa kama nguo. Tazama picha vizuri!"

"Nyuzi, naam. Si ndiyo nikwambiayo?"

Mtu mwingine angesema hapo: ndugu yangu, kazi hii siijui, chukua pikipiki yako. Neno moja tu, halina gharama. Lakini hilo lingemtoka Athmani baada ya roho. Akakwangua karatasi zake, akaanza kutafuta mfumo wa nyuzi wa kupigia rangi juu yake, ili alama zibaki. Akajaribu gunia, ikatoka pikipiki ya kubebea viazi. Akajaribu chandarua, matundu yakawa makubwa. Ndipo akaikumbuka shela.

Na shela hii lazima uijue. Ilikuwa ya wavu mwembamba, laini, Bi Mwanakuu aliolewa nayo, na Swabaha akaolewa nayo. Siku ya harusi ya Swabaha, walipokuwa wakiifukiza udi, cheche iliruka kutoka kwenye chetezo ikaitoboa. Bwana harusi yuko mlangoni, watu wanapiga vigelegele, na Bi Mwanakuu akakaa chini akaliziba lile tundu kwa sindano na uzi, harakaharaka. Akashona ua la waridi. Lilitoka limepinda, jani moja refu kuliko menziwe, na kila mtu alilipenda kwa kupinda kwake. Mama alipokufa, Swabaha alikuwa akilishika lile ua kwa kidole akiwa peke yake. Sasa binti yao Nasiha alikuwa ameposwa, harusi imekaribia, na jambo moja tu Swabaha alikuwa amelisema na kulirudia: Nasiha atatoka na shela ya bibi yake. Vyombo vipungue, nyama ipungue, shela haikosi.

Athmani alilijua hilo. Alilisikia asubuhi na jioni. Akangoja mpaka wanawake wametoka kwenda kualika watu, akafungua sanduku la mkewe, akaichukua. Ataifua, alijiambia. Kwani rangi ni kitu gani kwake yeye?

Akalipiga tangi nyeusi, likakauka. Akaivuta shela juu yake mpaka ikabana, akapuliza rangi ya fedha, akaiondoa polepole, akamalizia na vanishi, safari hii nzito. Na lo! ikatoka. Ilitoka uzuri ambao hata picha ya gazeti ilikuwa na haki ya kuona wivu. Ama shela, ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya papa. Akaitia kwenye petroli, ikawa donge. Akalitazama lile donge kidogo, akalisukumia nyuma ya makopo.

Swabaha alipofungua sanduku atoe shela aipige pasi, hakuiona. Alitoa nguo zote, akazirudisha, akazitoa tena. Akamuuliza Nasiha, akaapa hajaigusa. Akamwendea mumewe aliyekuwa amekaa mkekani anakula wali.

"Baba Nasiha, shela ya mama umeiona?"

"Sijui," akasema Athmani.

Swabaha alishtuka. Maisha yake yote ya ndoa hakuwa amelisikia neno hilo kinywani humo. Hata moyo ulimlainika, yakhe! Akadhani mwanamume amekua. Harusi ya binti imemtia unyenyekevu. Ndivyo alivyoamini neno moja la Athmani, na ndilo hilo hilo.

Basi akabaki mtu mmoja tu. Mejumaa, mwanamke wa Kidigo mwenye chumba chake Majengo, alikuwa akifua na kupika nyumba ile tangu Nasiha akitambaa. Funguo alizijua, masanduku aliyajua.

"Wallahi, dada, siijui," akasema Mejumaa, mikono ina povu la sabuni. "Nifanyie nini shela mimi?"

"Hapana mgeni aliyeingia humu," akajibu Swabaha, na akajibu kwa sauti, na madirisha ya Kibokoni yako karibukaribu. Majirani walisikia. Mejumaa akaifuta mikono yake, akachukua leso yake na ndara zake, akatoka mbele ya macho ya watu, amepakwa tope ambalo sabuni haitoi. Na Athmani, aliyesimama mlangoni akichokoa meno, mjua unyang'au huu mzima, alisema nini?

"Watu wa kuajiriwa," alisema, "wataka kuangaliwa."

Siku mbili hizo Athmani alitamba. Sifa za kaboni zilifika Bondeni, wenye pikipiki wakamfuata, naye akawaambia ni dawa anayoichanganya mwenyewe, siri ya Wajapani. Hatimaye Lewis, kwa ukarimu wake, akaja Kibokoni kuleta kreti ya soda kwa ajili ya harusi. Akaiegesha Yamaha mbele ya baraza ya nyumba, na wazee wa barazani wakaizunguka.

"Usione vyaelea, vyaundwa," akasema Khubaib, muuza kofia, akilipapasa tangi. "Mashaallah, Athmani. Hii Ulaya wangekuajiri."

"Wameniita," akasema Athmani. "Nimekataa."

Swabaha akatoka na buibui lake apokee soda. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kichochoroni, limelala juu ya tangi. Akaona vijitundu vidogovidogo vya fedha, vimepangana safu kwa safu. Akasogea. Karibu na kifuniko cha mafuta, palikuwa na ua la waridi. Limepinda. Jani moja refu kuliko menziwe.

Akaliwekea kidole, kama alivyozoea, lakini hapo palikuwa laini na baridi, hapana uzi.

"Athmani, ndoo hapa. N'nini hii?"

"Kaboni."

"Na hili ua?"

Wazee wote wakainama walitazame. Athmani naye akainama.

"Hilo? Hilo ni alama ya kampuni."

"Naam!" akasema Khubaib. "Kitu asili hakikosi alama."

"Kampuni yaitwaje?"

"Ya Kijapani hiyo, mama Nasiha, jina lake refu..."

"Yaitwa Mwanakuu binti Kombe!" Swabaha alipiga kelele, na buibui likamwanguka mabegani asijali. "Na wewe walala nyumbani mwake, wala kwa sahani zake! Shela ya mamangu umeipigia pikipiki rangi! Ukaniacha nikamfukuza mwana wa watu, nawe wachokoa meno!"

Khubaib aliondoa mkono kwenye tangi kama limemchoma. Lewis akawa hana pa kutazama.

"Mama, mimi sikujua," akasema.

"Wewe nakuamini, mwanangu."

"Mama Nasiha, tuingie ndani tuzungumze," akaanza Athmani. "Watu hawaelewi mambo ya ufundi..." Lakini barazani mzee mmoja alishaanza kucheka, cheko lile la puani, na wenziwe wakamfuata. Jina la Rangi lilikufa pale pale. Akawa Kampuni, na Kampuni ndilo analoitwa hadi leo, hata na wajukuu zake. Kaboni haikuagizwa tena.

Swabaha hakungoja cheko liishe. Alifunga buibui, akenda Majengo kwa miguu, na mumewe nyuma yake kwa kuwa alimwamuru. Walimkuta Mejumaa mlangoni pake akikaanga bajia za kuuza. Majirani wakasogea walipowaona. Walikuwa wameshaambiwa kwa nini hafanyi kazi tena.

"Mejumaa," akaanza Athmani, "unajua rangi hizi za kisasa..."

"Nyamaza, Kampuni," akasema Swabaha, naye akanyamaza. Kisha akasimulia yeye mwenyewe, kwa sauti, majirani wasikie kama wale wa Kibokoni walivyosikia. Akalitaja tangi, akalitaja ua. "Nilimuuliza akaniambia hajui, nikamwamini. Mwizi ni huyu hapa. Nakuomba radhi, Mejumaa, mbele ya watu hawa. Harusi ni Alhamisi. Nasiha amekataa kupambwa kama hupo."

Mejumaa akazigeuza bajia, moja moja.

"Radhi nimekupa, dada. Kwa Nasiha nitakuja, sina ugomvi na mtoto. Lakini nami nikuulize. Mle ndani tulikuwa watu wanne. Mmoja wetu uongo wake waujua wewe kabla hajafungua kinywa, kila siku wamcheka. Mimi nimekufulia miaka yote hiyo, hata kijiko hakijapotea. Ilikuwaje ukanishuku mimi, yeye usimshuku?"

Swabaha, aliyekuwa na jibu la kila upuuzi wa mumewe, aliyatazama mafuta yakichemka. Jibu alikuwa nalo. Alilijua tangu siku ile Mejumaa alipoifuta mikono yake povu, na Athmani akataja watu wa kuajiriwa.

"Sijui," akasema.

Mejumaa akamtazama, kisha akamtazama Athmani aliyesimama nyuma yake, kisha akamtazama yeye tena.

"Kumbe nawe pia hujui," akasema, akaziopoa bajia zilizoiva.