Sifuri ya Mama

Miaka hiyo vita vilikuwa vimetulia, ila hakuna mtu mjini Bunia aliyeamini kwamba vimekwisha. Mimi mwenyewe sikuweza kukaa kitini nusu saa. Pikipiki ikitoa mlipuko barabarani, tayari niko mlangoni. Na kazi niliyojichagulia ilidai utulivu! Katika chumba kimoja mtaani Shari, watu watatu tulikuwa tunatengeneza filamu fupi ya katuni ya kuonyeshwa kwenye kambi ya waliohama vijiji vyao. Kazi yangu ilikuwa kuwawekea wahusika mifupa na viungo kwenye kompyuta, ili waweze kusogezwa.

Bibi wa filamu hiyo alichorwa kwa mfano wa mama yangu. Alikimbia kutoka kwao Djugu, akawa anaishi nami mtaani Mudzipela, na majirani zake wa kijijini walikuwa kambini humo. Nilimwahidi kwamba wakimwona kwenye kitambaa cheupe watamtambua. Ahadi hiyo ilimfurahisha kuliko kitu chochote nilichowahi kumletea.

Nilimpiga picha akiwa amesimama uani, nikaipanga mifupa ya bibi juu ya picha ile. Kila kiungo nikakifungia kishikio cha kukigeuzia. Halafu ikaja kazi ya sifuri: unaiambia kompyuta kwamba mwili ukiwa hivi, namba zote zisomeke sifuri. Hapo ndipo nyumbani kwa mhusika. Baadaye mkunje utakavyo. Ukiandika sifuri kote, anarudi. Nilijisifu sana siku hiyo, maana sifuri zangu zilijipanga safi kutoka kisigino hadi kidole cha mwisho.

Kiongozi wetu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimketisha bibi, akamwinua mikono, kisha akamrudisha kwenye sifuri. Akamtazama.

"Uyu muzee iko anakimbia wapi?"

Kweli. Shingo ilikuwa imetangulia kama ya mtu mwenye kamba ya mzigo kwenye paji la uso, na mguu wa kushoto ulikuwa umeshaanza safari. Ndivyo mama alivyosimama siku zote, na mimi niliishi naye nisione. Nilimkasirikia kiongozi, nikajikasirikia zaidi. Nilipewa siku moja ya kubomoa na kujenga upya.

Nilikwenda nyumbani kupiga picha nyingine.

"Mama, simama sawasawa. Nyoosha mikono pembeni."

Kazi yetu inataka hivyo, ili mikono isigandamane na mbavu. Aliinyoosha haraka mno, akafumba macho, akangoja. Nikaelewa ni kwenye vizuizi vya barabarani alikojifunza kusimama hivyo, akipekuliwa. Nilishikwa na aibu, nikaishusha simu.

"Shusha mikono, mama. Simama tu."

"Nisimame nangoja nini?"

Niliitia simu mfukoni. Nilirudi Shari, nikainyoosha mifupa kwa kukadiria, nikaiweka upya kwenye sifuri. Bibi akasimama wima, miguu pamoja, shingo mahali pake. Kiongozi alimpokea, nami nikabeba kompyuta kwenda kumwonyesha mama.

Alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta.

"Uyu hajakimbiaka hata siku moja," akasema. "Uyu si miye."

Iliniuma, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Majirani zake wangemtazama yule bibi aliyenyooka na kuuliza ni nani. Nikashika kishikio cha shingo, penye sifuri nikaandika kumi na nane. Nikausogeza mguu wa kushoto mbele. Pale kwenye kioo bibi akainama kidogo kidogo, na mama akavuta kiti karibu.

"Sasa ni miye." Kisha akagusa namba kwa ukucha. "Na iyi, unaweza kuitosha?"

"Naiondoa wakati wowote, mama. Naandika sifuri, anasimama wima."

Akageuka kutazama mlango. Mfuko wake wa nguo ulikuwa palepale sakafuni, umefungwa tayari kwa safari, kando ya wangu.

"Iache kwanza," akasema.