Nilimlaumu Nduku kwa Vijiti vya Hibiskasi

Nianze na aibu yenyewe ili nisiizunguke: mwaka huu, mwezi wa kwanza, mimi mtu mzima ninayeitwa susu na wajukuu, nilimtukana mke wa mwanangu mbele ya kina mama wote wa kikundi chetu cha kanisa kwa sababu ya vijiti, na karibu achukue watoto arudi kwao Tala asirudi tena, na makosa yote yalikuwa yangu.

Huyo mke wa mwanangu ni Nduku. Mwanangu Muli anafanya kazi kiwandani Athi River, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hivyo siku nyingi ni mimi na Nduku na watoto wawili. Nduku amesoma mpaka fomu four. Mimi niliishia darasa la tatu (nilitolewa nikachunge mbuzi, na sikulia). Hilo la masomo hatukuwa tunalitaja, lakini yeye akifungua mdomo kuniambia kitu, mimi nasikia kama ananifundisha.

Sasa, kina mama walikuwa wanataka fensi ya kanisa iwe ya maua, na mimi nikasimama kwenye mkutano nikasema hiyo fensi niachieni mimi. Niko na rafiki tangu usichana, Syombua, wa Kathiani, na kwake kuna hibiskasi nyekundu, lile ua kubwa kama kisahani lenye ulimi mrefu wa manjano, na mwezi wa kumi na moja mvua iliponyesha vizuri alikuwa anayapunguza matawi, akaniambia nichukue nitakayo. Nikachagua yaliyonyooka, nikapukusa majani yote, hata yale ya kileleni, kwa sababu nilitaka mzigo safi, kisha nikafunga.

Hapo kwa kufunga ndipo nilipoharibu. Mwanamke wa kwetu akifunga kuni anajua tawi moja linaelekeza shina mbele na la pili linaelekeza shina nyuma, ndio mzigo usiwe mzito upande mmoja ukakuvunja shingo njiani. Mimi nimefunga kuni hivyo tangu nikiwa mtoto wa miaka sita, na siku hiyo mikono haikuniuliza, ilifunga tu, na ulikuwa mzigo mzuri, nakumbuka nilijisifu njia nzima.

Nikafika nyumbani nikauweka juu ya gogo, nikaanza kuukata na panga, vipande vya shibiri moja moja. Nduku alikuwa anafua nguo pale karibu. Akaniambia polepole, "Mwaitu," (ndivyo Wakamba tunavyomwita mama) "kwa simu wanasema upande wa chini ukatwe mshazari, ndio usichanganye na wa juu. Na huko juu ungeachia majani mawili."

Nikamwuliza, "Hiyo simu yako imewahi kupanda muhogo?"

Akaendelea kufua. Kama ningesikiza hapo ingekuwa imeisha, ni kutazama kila tawi chini ni wapi na kugeuza panga kidogo tu. Sikugeuza. Nikakata ncha zote mbili sawasawa, nikapanda vijiti sitini kwa pakiti za maziwa nilizojaza udongo na mchanga wa mto, nikazipanga nyuma ya jiko penye kivuli, na nikamwambia Nduku kazi ya kunyunyizia maji kila jioni ni yake.

Wiki ya tano ilipofika, nusu zilikuwa na majani, na nusu zimekauka, nyeusi kuanzia juu. Na hazikukauka upande mmoja, zilikuwa zimechanganyika, nzima, kavu, kavu, nzima. Nikafikiri sana. Nikasema kama ni udongo mbaya zingekufa zote, kama ni jua zingekufa zote, kwa hivyo kuna mtu. Na nilikuwa nimemwona Nduku mara moja akipita hapo na beseni la maji ya kusuuza nguo. Sikumwuliza (kuuliza kungenigharimu nini? sijui), nikaliweka moyoni nikalilea.

Alhamisi moja kina mama wakaja kuzichukua, kumi na mmoja, na Syombua akiwa kati yao kwa sababu alitaka kuona matawi yake. Nduku alikuwa anazungusha chai. Mama mmoja akauliza tu, bila ubaya, mbona hizi zingine zimekauka. Ningesema mimea hufa. Badala yake nikasema, "Muulizeni huyu anayezimwagilia maji ya omo."

Nduku akasimama na ile sinia. Akasema alizipatia zote maji ya tangi, zote sawa. Na mimi, kwa sababu watu walikuwa wananitazama na fensi niliyoahidi ilikuwa imebaki nusu, nikaongeza kwamba shida si maji, shida ni mkono wake, ana mkono mbaya, hata kuku wake hawatotoi.

Kwetu hilo neno si dogo. Ni kumwambia mwanamke kwamba anachoshika kinakufa. Na Nduku mwaka uliopita mimba ilikuwa imetoka, na hakuna mama aliyekuwa pale asiyejua. Nililisikia hilo neno likitoka, nikajua limefika wapi, na sikulirudisha.

Syombua ndiye aliyeweka kikombe chini. Akachuchumaa, akang'oa kijiti kimoja kikavu, akakigeuzageuza. Akang'oa kingine ambacho kilikuwa hakijafa vizuri: kilikuwa kimetoa chipukizi lililoanza kwenda chini kwa udongo, halafu likajikunja kama ndoana likipanda juu. Akaniita kwa jina langu la usichana.

"Jicho la mti linakaa juu ya kovu la jani. Angalia hapa, liko chini. Hii umeipanda miguu juu."

Akang'oa kavu nyingine tano, zote hivyo hivyo. Kisha akaniuliza nilifunga mzigo namna gani, na nilijua kabla sijajibu.

"Kama kuni," nikasema.

Mmoja akacheka, wakacheka wote, mmoja hata akajimwagia chai, na mimi ningekuwa mtu mwingine ningecheka pia. Nduku hakucheka. Aliweka sinia juu ya kiti, akaingia ndani.

Walipoondoka nikamkuta anakunja nguo za watoto akitia kwa begi. Akasema Jumamosi anaenda kwa mama yake. Nikauliza atarudi lini, akasema ataona. Nikamwambia, "Nduku, hayo mambo yaishe." (Mtu wa umri wangu anaomba msamaha hivyo, bila kuomba.) Akasema yameisha, na akaendelea kukunja. Nikakaa jikoni nikielewa kwamba nilimvunja mbele ya watu kumi na mmoja na sasa nataka kumtengeneza tukiwa wawili mlangoni.

Ijumaa nikawapigia simu mmoja mmoja, njooni kesho asubuhi, na hawakuuliza sana kwa sababu walifikiri kumetokea kifo. Wakaja. Nduku alikuwa mlangoni na begi begani, mtoto mdogo amemshika sketi. Nikasimama katikati ya uwanja, mimi ambaye sijawahi kuomba mtu mdogo kitu.

"Nilisema huyu ana mkono mbaya. Mkono mbaya ni huu wangu. Zile zilizomea ni yeye aliyezinywesha. Nduku, nisamehe. Na nyinyi, mtu akirudia lile neno, mwambieni mwenyewe aliyelisema amelimeza."

Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama chini, nafikiri waliona haya kwa niaba yangu, maana mama mkwe hafanyi hivyo. Nduku akauliza, "Na ile ya kuku?"

"Hata ya kuku," nikasema.

Lakini begi hakuliweka chini. Alisema mama yake anamngoja, atarudi Jumatatu, akaenda na watoto. Jumatatu nilifagia uwanja mara mbili na hakuja. Mtu anaweza kusamehe na bado asitake kuuona uso wako, hilo nilikuwa sijalijua mpaka jioni hiyo. Nimejiapia kwamba mtu akinikosea, au nikidhani amenikosea, nitamwita kando nimwulize kwanza, hata kama kikundi kizima kiko uani kikingoja jibu. Ni kazi ngumu kwa mdomo kama wangu. Siku zingine naenda kusimama nyuma ya jiko mpaka hasira ipite.

Alikuja Jumanne, saa sita hivi. Akavua viatu, akawasha moto, akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula, lakini nikamwambia bado, akanipikia, nikala chote.