Mtu Mdogo wa Shimo Lilelile

Naikumbuka vizuri asubuhi moja ya vita, mwanangu, kwa kuwa umeniuliza kama ule mchezo wa zamani wa kuruka mashimo unaweza kusimama mbele ya wadogo zake waliotoka juzi. Kwangu swali hilo si dogo.

Nyumbani kwetu Bukavu tulikuwa na michezo yote miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kaseti: mtu mdogo anakimbia kwenye televisheni, anaruka, anaokota sarafu, na mashimo yanamngojea. Wa pili, uliotoka baadaye, ulikuja katika diski kutoka kwa tante yetu, dada wa mama aliyekaa Ulaya: milima, maji yanayong'aa, ngoma zisizonyamaza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi niliushika huo, nikaucheka ule wa kaseti. Kaka yangu Dédé hakuuacha. Tonton Faustin, mdogo wa mama, hakutazama hata mmoja. Alikaa chumba cha pili na redio yake, akilalamikia kelele zetu.

Vita vilipofika mtaani tulikimbilia Nyangezi kwa miguu. Dédé alibaki kulinda nyumba. Risasi ziliponyamaza, mama alikuwa hali wala halali, basi tonton akanichukua twende kumtafuta.

Mtaa ulikuwa mtupu. Milango wazi, mapazia yanapepea nje, hata mbwa habweki. Umeme ulikuwa umerudi. Taa ya kibarazani kwa jirani iliwaka mchana kweupe, haimwangazii mtu. Tulipofika mlangoni kwetu nikausikia muziki wa kaseti, na mtu mdogo akiruka.

Jina la kaka yangu lilikuwa tayari mdomoni. Tonton akanikamata shati.

"Nyamaza. Sikiliza kwanza."

Tukasikiliza. Aliruka, akaruka, akaokota sarafu, akaanguka. Kimya kidogo. Akaanza upya: aliruka, akaruka, akaokota sarafu, akaanguka. Palepale.

"Dédé anaangukaka pale?" tonton alininong'oneza.

"Hapana, tonton. Pale anapitaka na macho ya kufunga."

"Basi ule haiko Dédé."

Mchezo ule, mwanangu, ukiuwasha usiuguse, hujicheza wenyewe ili kukuvuta. Nililijua hilo siku zote, ila moyo ulikuwa umekwisha kuchagua cha kusikia. Lakini nani aliuwasha? Ndipo ndani mtu akakohoa, kikohozi kizito cha mtu mzima.

Tulirudi kinyumenyume mpaka kwa jirani, Maman Zawadi. Alifungua mlango kidogo, akatuvuta ndani.

"Munatafuta kufa? Benye bunduki ndio bako mule!"

Nyuma ya magunia yake ya unga akatokea Dédé, mweupe kama mzimu.

"Tangu jana minamusikia ule mutu mudogo anaanguka," alisema. "Kidogo tu nitoke, niende kumusaidia aruke."

Alicheka peke yake. Tonton alimshika bega, hakuliachia mpaka tulipofika Nyangezi.

Njiani nilimuuliza tonton alitambuaje upesi vile.

"Munanipigia kelele kila siku, unafikiri sina masikio? Ule wa zamani, kila sauti iko na kazi yake. Ule wako mupya unaimba tu, mutu akuwe mule ao hapana."

Basi jibu langu ndilo hili. Mpya ni mzuri zaidi kwa macho, sibishi. Lakini wa zamani unasimama, kwa kuwa una vitu vichache na kila kimoja kinasema kweli hata ukifumba macho. Ungekuwa mpya uliowashwa siku ile, ningesikia ngoma tu, nikaingia.

Na kitu kikikuita kwa sauti ya nyumbani, mwanangu, usikimbie. Mwenda pole hajikwai. Simama nje, sikiliza mara ya pili. Mtu aliye hai hubadilika, hata makosa yake hayafanani. Kinachoanguka palepale kila mara hakina mtu ndani yake.

Mungu akutangulizie masikio mbele ya miguu. Na kila mlango utakaoufungua, uwakute walio wako wakiwa wazima.