Kila Mchoro na Uongo Wake

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa penseli. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililochakaa viwikoni, alinikabidhi funguo mbili na kunionyesha kabati la chuma lililosimama nyuma ya ubao wa kuchorea. "Kuchora utajifunza hapa hapa," aliniambia. "Kufunga hakufundishwi. Mtu anakuja nako kutoka kwao au haji nako."

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, kijana wa Kimeru mwenye suruali moja ya heshima, nikidhani nimeajiriwa kuwa mchoraji wa mashine. Karakana yetu ilikuwa pembezoni mwa Arusha, na kazi yake ilikuwa kubuni zana za wakulima: mashine za kupukuchua mahindi, mikokoteni, majiko. Mchoraji hukaa katikati ya mbunifu na fundi. Mbunifu anakuletea wazo, mara nyingine limechorwa nyuma ya bahasha ya kipaimara, nawe unaligeuza kuwa mchoro wenye vipimo kamili, ambao fundi anausoma na kukata chuma. Kwa hiyo mchoraji ndiye wa kwanza kuliona wazo la mtu kabla halijavaa nguo, na Mkuu wa Karakana hakuacha kunikumbusha hilo.

Ni yeye aliyenifundisha uongo. Katika kila mchoro uliotoka chumbani mwetu, kipimo kimoja kilikuwa si cha kweli. Hakikuwa kikubwa, pengo la milimita tatu liliandikwa tano, basi. Kipimo halisi kilikaa kwenye daftari ndani ya kabati, na fundi alikwenda kunong'onezwa. "Mwizi akiiba mchoro," alisema, "aibe na ugonjwa wake." Nilimwamini kuliko nilivyomwamini mchungaji wangu, na Mungu anisamehe.

Tabia hiyo ilinikaa mwilini. Nilihesabu karatasi kabla ya kutoka na kuzihesabu tena asubuhi. Nakala zilizoharibika nilizichoma mwenyewe, nikasubiri majivu yapoe. Hotelini nilikaa mgongo ukiwa ukutani. Mgeni akiuliza, "Mnatengeneza nini siku hizi?" nilimjibu kwamba tunatengeneza bawaba. Mke wangu alikuwa akiniambia kwamba nikifa nitauliza kwanza ni nani aliyechonga jeneza na kama amebaki na vipimo.

Mkuu yule alipostaafu, tuliletewa Meneja, mama aliyesomea sheria na kuvaa viatu visivyopenda vumbi letu. Yeye ndiye aliyeleta maneno mapya. Alitukalisha kwenye mabenchi ya kuchomelea akatueleza kwamba mchoro wangu una hakimiliki tangu ninapoumaliza, lakini hakimiliki inalinda karatasi tu. Mtu akiitengeneza mashine yenyewe bila kugusa karatasi yangu, sina neno. Jina na nembo ya bidhaa husajiliwa kama alama ya biashara. Na mashine, namna inavyofanya kazi, hulindwa kwa hataza.

"Hataza ni mapatano," alisema Meneja. "Unaieleza serikali kila kitu, bila kuficha hata skrubu. Nayo inakupa miaka kadhaa ya kuwa peke yako sokoni. Lakini kitu kiwe kipya. Kikishaonwa na umma kabla hujapeleka maombi, upya wake umekwenda."

Nilimsikiliza nikiwa nimekunja mikono. Kueleza kila kitu! Na kwa nani? Kwa ofisi. Ofisi ni watu, na watu wana binamu. Niliendelea kufunga kabati langu na kuandika uongo wangu mmoja kwa kila mchoro, na Meneja hakujua.

Kisha akaja Upendo. Alikuwa binti wa upande wa Makumira, tena wa usharika wetu, amemaliza chuo na kurudi kumsaidia shangazi yake kufuga. Huku kwetu chini ya Meru mashamba yamekuwa vipande, ng'ombe hachungwi, anafungiwa bandani na kukatiwa migomba. Mashine za kukatia zipo, lakini mgomba una nyuzi. Ukikata mara kumi nyuzi zinajizungusha kwenye kisu na mashine inakaba. Akina mama wanakaa kuzichomoa kwa vidole, na wako waliopoteza vidole hivyo. Upendo aliweka kitana cha chuma nyuma ya kisu. Kila kisu kinapopita, meno ya kitana yanazichana nyuzi na kuzisukuma nje. Niliiona ikifanya kazi mara ya kwanza nikamwomba aiendeshe tena, maana katika miaka yangu yote sikuwa nimeona wazo safi namna ile. Akaiita Shangazi.

Siri yote ilikuwa pengo kati ya kisu na meno. Likizidi, nyuzi zinapita. Likipungua, meno yanakatika. Upendo alihangaika nalo mwaka mzima mpaka akapata milimita nne. Kwenye mchoro mimi niliandika saba. Kipimo cha kweli tulikijua watu watatu: Upendo, mimi, na Lomayani, Mwarusha wa Sombetini aliyekuwa akituchomelea kwa kibarua. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa mafundi walioajiriwa, na kazi ile isingeweza kufanywa na mwingine.

Shangazi ya kwanza ilikamilika wiki ya mavuno. Kanisani kwetu, Kilutheri, cha kwanza cha jasho lako hupelekwa madhabahuni. Mwenye ndizi analeta mkungu wake, mwenye kuku kuku, na baada ya ibada vyote vinanadiwa uwanjani. Mimi ni mzee wa kanisa na nimekuwa mnadi wa usharika kwa miaka mingi. Kwa kweli najisifu kwa hilo. Naweza kuuza jogoo mgonjwa na mnunuzi akaondoka akiniombea baraka. Upendo alinijia na kuniuliza kama ni sawa kuitoa mashine, ilhali hatujapeleka maombi. Nikamwambia malimbuko hayacheleweshwi. Akaileta, mchungaji akaiombea, nami nikainadi.

Baada ya hapo Meneja alitusukuma tuandae maombi ya hataza. Hapo ndipo nilipokwama. Michoro ya maombi ilikuwa juu yangu, na sikuweza kuandika nne. Niliandika saba. Upendo akaiona, akarudisha. Nikaandika tano. Akarudisha tena.

"Mzee, tukiwadanganya kwenye maombi," aliniambia, "tutakuwa tumelinda uongo. Nne itabaki bila mwenyewe."

Nilimwambia bado mtoto, hajui watu. Leo nasema ubao mbovu, kesho nasema wino umekwisha. Mavuno mengine yakaja yakapita, na maombi yakiwa bado ndani ya kabati langu.

Siku moja, nikipita Levolosi kwenda kununua misumari, nikaiona Shangazi nje ya duka la vifaa. Haikuwa na jina na ilipakwa rangi ya bluu badala ya kijani, lakini ilikuwa yenyewe, na kitana chake. Nilipiga magoti barabarani nikatoa vernia mfukoni, kifaa cha kupimia nisichokiacha nyumbani, nikapima pengo. Nne.

Sikulala vizuri kwa wiki nzima, lakini akili yangu niliiona imetulia sana. Mwizi angetumia mchoro wangu, pengo lingekuwa saba. Ni nne, kwa hiyo haikutoka kwenye karatasi. Imetoka kinywani. Upendo hawezi kujiibia. Mimi najijua. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nguo hiyo ilikuwa na jina. Nikakumbuka Lomayani amenunua simu mpya. Nikakumbuka nilimwona akizungumza na Bwana Gurdeep, Singasinga mwenye karakana kubwa ya chuma mjini, ambaye duka lile lilisema mashine zinatoka kwake. Nilimpelekea Meneja ushahidi wote huo nikiwa nimeupanga vizuri. Naye, kwa mara ya kwanza, aliniamini.

Kibarua hana barua ya kufukuzwa. Anaambiwa kesho asije. Lomayani alikusanya glavu zake na miwani, akaja mpaka mezani kwangu. Sikuinua macho.

"Mzee, umenipima bila hata kuniuliza," alisema. Akaondoka, na kwa miaka mingi sikumwona tena.

Maombi tuliyapeleka mwishowe, yakiwa na nne yake, kwa sababu Upendo aliyaandika mwenyewe. Ofisi ya usajili ikaandika swali: je, mashine hii imewahi kuonyeshwa au kuuzwa hadharani kabla? Mimi nikaona hapo ndipo pa kumnasa Gurdeep. Akikiri kwamba alipewa siri na Lomayani, tutakuwa tumeibiwa, si kwamba tumeonyesha. Nikamchukua Upendo tukaenda.

Bwana Gurdeep kazaliwa Arusha kama baba yake, na Kiswahili chake ni cha Arusha. Aliniamkia shikamoo, akatuagizia chai. Nikamuuliza moja kwa moja nani alimpa kipimo cha kitana.

Alinitazama kana kwamba namtania. Akaenda ofisini kwake akarudi akisukuma Shangazi ya kijani, ile ya kwanza. Kwenye mpini palikuwa pamefungwa kadi ya mavuno ya usharika wetu. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Si ni wewe uliyeniuzia, mzee?" alisema. "Mimi nilialikwa na jirani yangu, nimekuja kwa ajili ya ndizi. Wewe ukaipandisha mashine mezani. Watu walikuwa baridi, ukafungua kifuniko ukatuonyesha kitana. Ukasema siri yote iko kwenye pengo hili hapa, hata kidole hakipiti. Watu wakacheka, bei ikapanda. Nikanunua. Nilipofika nyumbani nikafungua, nikapima."

Mnadini mimi hutazama mikono inayoinuliwa, si nyuso, na mnunuzi wa siku ile nilikuwa nimemsahau. Hakuwa mwizi. Alinunua mbele ya mchungaji na usharika mzima, kitu kisicho na ulinzi wowote, akatengeneza kingine. Miaka yote nilifundishwa kuficha kipimo kwenye karatasi, na haikuniingia akilini kwamba mashine yenyewe haijui kusema uongo. Yeyote mwenye rula angeusoma ukweli wake.

Upendo alikuwa ameishika ile kadi. Hakupandisha sauti.

"Mzee, mimi nilikuja kwako kwanza," alisema. "Niliuliza."

Nimelikumbuka neno lile msibani, shambani, nikiwa napiga magoti kuomba.

Hataza hatukuipata. Upya ulikwenda siku ile ya mavuno, nao ucheleweshaji wangu ukazima hata ile nafuu ya muda mfupi ambayo sheria ingeweza kutupa. Kilichobaki ni jina. Upendo alilisajili kama alama ya biashara, na hapo aliniweka mbali na makaratasi. Akina mama wa mlimani wanaomba Shangazi kwa jina, na Bwana Gurdeep hana ruhusa ya kuliandika kwenye zake. Upendo anauza, lakini hauzi peke yake kama alivyostahili. Akinikuta njiani ananiamkia vizuri. Ningependa anitukane.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Nilikabidhi funguo mbili kwa mchoraji mpya, na lile daftari la vipimo vya kweli nikamwachia Meneja, nikamwambia habari yote. Vijana wenye biashara zao huniuliza sasa wafanye nini, maana wamesikia niliwahi kukaa na mawazo ya watu. Nawaambia waandike daftari la ubunifu, kila ukurasa na tarehe na sahihi ya shahidi. Waombe kwanza, waonyeshe baadaye, hata kama anayetaka kuona ni shemeji, ni mwalimu, ni maonyesho ya wakulima, au ni Bwana wa mavuno mwenyewe. Yeye anaweza kusubiri namba ya maombi. Anayelazimika kuona mapema aweke sahihi kwamba atatunza siri. Na ofisi ya usajili wasiiogope kama nilivyoiogopa mimi. Mficha uchi hazai. Bado nawashuku watu, sijapona, lakini sasa naanza na mimi.

Lomayani nilimtafuta. Alikuwa na karakana yake Sombetini, vyumba viwili vya matofali na vijana wanne wa kazi. Aliniamkia, akanitolea kiti nje, akaagiza chai. Nilimweleza yote, kadi ya mavuno na mnada na kidole kisichopita. Nilimwomba radhi kwa maneno yaliyo wazi, bila methali.

Alikuna kidevu. "Yameisha, mzee," alisema. "Nilikuwa na hasira, hasira ikanijengea hii nyumba."

Tukanywa chai. Nyuma yake, mlangoni, nikaona kitu kirefu kimefunikwa turubai, kimefungwa kamba pande zote. Jicho la mchoraji halistaafu. Nilimuuliza ni nini.

"Maombi bado hayajaingia," alisema Lomayani kwa upole. "Yakipokelewa nitakuita, utakuwa wa kwanza kuona. Leo hapana, mzee. Nisamehe."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe. Akasimama kurudi kwenye kazi yake, na mimi nikageuza kiti changu kikaangalia barabara, ili alifungue turubai bila wasiwasi.